Celtic na Hibernian: timu mbili za wahamiaji wa Ayalandi, mdogo alimpitaje kaka yake?

Kipanga wa Chumbageni (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita watu walishikana mashati humu kuhusu Celtic, ile timu ya mpira ya Glasgow, Uskoti. Mmoja anasema ni timu ya Wakatoliki, mwingine ni ya Waayalandi, wa tatu akaleta habari za Rangers, mahasimu wao wakubwa wa mji uleule, ikawa vurugu tupu. Hakuna hata mmoja aliyeitaja Hibernian ya Edinburgh, na bila Hibernian Celtic isingekuwepo, au ingekuja na sura nyingine kabisa.

Nauweka msimamo wangu mapema ili anayetaka kunipinga ajipange. Timu hizi zilizaliwa na watu walewale, wa dini ileile, waliokimbia njaa ileile. Hibernian, au Hibs kwa kifupi, ndiye kaka, ametangulia miaka 12. Lakini Hibs alianza maisha kwa kufunga mlango, Celtic akauacha wazi, na hapo ndipo mdogo alipompita kaka.

Tuanze na njaa yenyewe. Mwaka 1845 ugonjwa uliingia kwenye viazi huko Ayalandi, na viazi ndivyo vilikuwa ugali wa maskini wa kule. Ndani ya miaka michache watu wapatao milioni moja walikufa na wengine kama hao wakapanda meli. Wenye nauli walikwenda Marekani. Wasio nayo wakavuka kipande kifupi cha bahari hadi Uskoti, wakaishia Glasgow, Edinburgh na Dundee: kubeba mizigo bandarini, kuchimba makaa ya mawe, kutandika reli. Hawakupokewa kwa ngoma. Walikuwa Wakatoliki katika nchi ya Waprotestanti, na waajiri wakawatumia kushusha ujira, kwa hiyo hata kibarua wa Kiskoti akawaona maadui.

Edinburgh walijazana mtaa wa Cowgate, watu wakauita Ayalandi Ndogo. Mwaka 1875 padri wa kanisa la St Patrick, Edward Hannan, pamoja na kijana aitwaye Michael Whelahan, wakaanzisha timu kwa ajili ya chama cha vijana Wakatoliki cha pale parokiani. Walipoomba usajili wakajibiwa kwamba mpira wa Uskoti ni wa Waskoti. Wakakomaa hadi wakakubaliwa. Tarehe 12 Februari 1887 wakaifunga Dumbarton 2-1 na kubeba Kombe la Uskoti, timu ya kwanza kutoka mashariki mwa nchi kufanya hivyo.

Ila kwa katiba yao, mchezaji alipaswa kuwa Mkatoliki wa chama kile, siyo Mkatoliki wa jina tu. Padri alikuwa na sababu zake, alitaka kuwaepusha vijana na ulevi, na simlaumu. Lakini kifungu hicho kiwekeni akilini.

Naendelea chini, msiniingilie kwanza.

Mtoto wa Sinza

Nimeweka kiti. Mkuu usituache njiani kama ule uzi wako wa Vasco da Gama.

Kipanga wa Chumbageni

INAENDELEA

Baada ya ile fainali, Hibs hawakukimbilia treni ya kurudi kwao. Walipelekwa Calton, mashariki mwa Glasgow, kwenye ukumbi wa kanisa la St Mary, wakalishwa na kushangiliwa na Waayalandi wa mji ule ambao hawakuwa na timu kubwa ya kwao. Inasimuliwa kwamba kiongozi mmoja wa Hibs alisimama akawaambia wenyeji: nanyi fanyeni kama sisi. Sijui kama alikuja kujuta, maana walifanya kweli.

Mtu wa kumtazama hapa ni Bruda Walfrid wa shirika la Kikatoliki la Wamaristi. Jina la nyumbani ni Andrew Kerins, mzaliwa wa Ballymote, Sligo, mwaka 1840, maana yake ile njaa ilimkuta mtoto mdogo. Glasgow alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya Sacred Heart. Wanafunzi walikuja na njaa au hawakuja kabisa. Yeye na wenzake wakaanzisha chakula cha mchana, mtoto analipa peni moja.

Na tusipake rangi: haikuwa huruma peke yake. Kulikuwa na Waprotestanti waliokuwa wakigawa supu kwa maskini, na viongozi wa Kikatoliki waliogopa mtoto akienda kunywa supu atarudi na dini nyingine. Bruda alitaka mtoto ashibe, na pia alitaka ashibe akiwa Mkatoliki.

Chakula kinataka hela, na mpira ulikuwa unaingiza hela mlangoni. Tarehe 6 Novemba 1887 kikao kikakaa kwenye ukumbi uleule wa St Mary. Wengine walitaka timu iitwe Glasgow Hibernian. Bruda akapendekeza Celtic, jina ambalo Mwayalandi na Mskoti wote wangeweza kulidai. Januari 1888 ukatoka waraka wa kuomba michango, na lengo kuu liliandikwa waziwazi: kupata fedha za kuwalisha watoto wahitaji wa parokia tatu za upande ule wa mji. Uwanja wakaujenga kwa nguvu za kujitolea. Mechi ya kwanza ilikuwa 28 Mei 1888 dhidi ya Rangers, wakashinda 5-2, bao la kwanza la Neil McCallum. Jioni timu zote mbili zikala pamoja ukumbini. Ndiyo, Rangers hawahawa.

Sasa utamu. Waliokuja kuuzindua uwanja huo wiki chache kabla, tarehe 8 Mei, walikuwa Hibs, wakicheza na Cowlairs. Walikuja kama kaka anayemsaidia mdogo kuhamia nyumba mpya. Kufikia Agosti wachezaji wao kadhaa, akiwemo straika hatari Willie Groves, walikuwa wamevaa jezi za Celtic. Msimu wa kwanza tu Celtic wakafika fainali ya Kombe la Uskoti, wakafungwa 2-1 na Third Lanark. Mwaka 1892 wakalibeba. Hibs wao mwaka 1891 walikuwa wamesambaratika kabisa, na walipofufuliwa mwaka mmoja na kitu baadaye, jambo mojawapo walilobadilisha ni lile sharti la Ukatoliki.

Celtic hawakuwahi kuwa na sharti hilo. Katikati ya miaka ya 1890 kuna wanachama walipeleka hoja kwamba Waprotestanti kikosini wawekewe kikomo. Hoja ikaangushwa. Mkitaka kujua uzito wa kura ile, ruka mpaka 1965: Celtic inamteua Jock Stein kuwa kocha, Mprotestanti, mtoto wa machimbo ya Lanarkshire. Miaka miwili baadaye, 25 Mei 1967 mjini Lisbon, anawafunga Inter Milan 2-1 kwa kikosi ambacho wachezaji wote walizaliwa ndani ya maili 30 kutoka uwanja wa Celtic. Timu ya kwanza ya Uingereza kubeba Kombe la Ulaya. Ukifunga mlango, Stein humpati.

Dalali Mstaafu

Mkuu Kipanga, heshima yako. Uzi mzuri, lakini umepaka asali mahali penye pilipili.

Wale wachezaji wa Hibs walikuwa Wakatoliki, Celtic haikuhitaji mlango wazi kuwapata. Ilihitaji mfuko. Mpira wa kulipwa ulihalalishwa Uskoti mwaka 1893. Mwaka 1888 kila mtu alitakiwa kucheza bure. Sasa niambie, mtu anatoka Edinburgh kwa bingwa wa kombe anakwenda kwenye timu ambayo haijacheza hata mechi kumi, kwa mapenzi ya watoto wa shule? Fedha zilipita chini ya meza, na tuhuma hizo hazikuanza na mimi.

Na hapo hapo: ulianza na chakula cha watoto ukakiacha hewani. Malizia. Mwaka 1892 Bruda Walfrid alihamishiwa London na shirika lake. Mwaka 1897 Celtic ikageuzwa kampuni ya hisa, wakurugenzi wakaanza kugawana faida. Ile meza ya watoto iliyoandikwa kwenye waraka ikawa kumbukumbu ya kupambia. Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona mimi: Hibs walikuwa na padri, Celtic walikuwa na wafanyabiashara.

Mtoto wa Sinza

Hapo kwenye kampuni umeniumiza. Yaani hisani imedumu miaka tisa?

Kipanga wa Chumbageni

Dalali, sikatai mfuko. Lakini jiulize mfuko ulijazwa na nani. Glasgow ilikuwa na Waayalandi wengi kuliko Edinburgh, ila hata hao wasingetosha kuujaza uwanja kila wiki. Mtu wa kawaida wa Glasgow alilipa kiingilio kwenda kumwona Groves bila kuulizwa anasali wapi.

Kuhusu Bruda, hata huko London aliendelea: aliwaandalia mechi watoto wa Bethnal Green na Bow, wale wa kutembea bila viatu vya maana. Alifariki 1915 huko Dumfries. Sanamu yake ilisimamishwa nje ya uwanja mwaka 2005, na kwa mtazamo wangu wakurugenzi walichelewa kidogo. Siku hizi klabu ina taasisi yake ya hisani, na wale mashabiki wa Green Brigade hukusanya vyakula nje ya uwanja kwa ajili ya wasiojiweza. Meza ilivunjwa na wenye hisa, wa majukwaani wakairudisha.

Kisa kingine cha fedha, maana nakipenda. Mwenye ardhi ya uwanja wa kwanza alipoona watu wanajaa akapandisha kodi kutoka pauni 50 kwa mwaka hadi 450. Celtic wakahama ng'ambo tu ya pale, kwenye shimo la kufyatulia matofali lililojaa maji, wakalifukia wenyewe. Uwanja wa zamani ulipakana na makaburi, kwa hiyo mtu akasema hii ni kama kutoka makaburini kwenda Peponi, na mpaka leo uwanja unaitwa Paradise. Machi 1892 mwanasiasa wa Ayalandi, Michael Davitt, akaja kupanda kipande cha nyasi kilicholetwa kutoka Donegal. Usiku huohuo kikaibwa! Watu wakamtungia mwizi nyimbo za kumlaani.

Shemeji wa Kakamega

Wadau, hamjambo. Mimi ni Ingwe damu, yaani shabiki wa AFC Leopards ya Nairobi, nimesoma huu uzi naona kama mnatusimulia sisi.

AFC Leopards ilianza 1964 ikiitwa Abaluhya. Watu wametoka magharibi kuja Nairobi kutafuta kazi, hawana ndugu mjini, Jumapili wanakutana uwanjani wanasikia lugha ya nyumbani. Gor Mahia nao wakaja 1968, hadithi ileile kwa upande wa Waluo. Mwanzoni mwa miaka ya 80 serikali ikasema hakuna tena timu zenye majina ya makabila. Abaluhya ikawa AFC Leopards, Luo Union ikawa Reunion. Gor Mahia wakapona kwa sababu hilo ni jina la mtu, mganga wa kale.

Sasa angalieni: Noah Wanyama alikuwa mchezaji wa Leopards. Mwanawe Victor naye alipitia Leopards akiwa kijana kabla ya kwenda Ulaya. Mwaka 2011 Celtic wakamnunua kutoka Beerschot ya Ubelgiji, akachagua jezi namba 67 kwa heshima ya wale wa Lisbon. Tarehe 6 Novemba 2012 Celtic ikatimiza miaka 125. Kesho yake usiku Barcelona wako Glasgow, kona inapigwa, Victor anaruka, kichwa, bao! Wakashinda 2-1, Messi akapata la kufutia machozi dakika za mwisho. Mtu wa timu ya wahamiaji wa Nairobi kafunga bao la sherehe ya timu ya wahamiaji wa Glasgow. Mwaka uliofuata wakamuuza Southampton pauni milioni 12.5, na hakuna timu ya Uskoti iliyokuwa imewahi kuuza mchezaji kwa bei hiyo.

Dalali Mstaafu

Shemeji, nakuheshimu, lakini kutoka Kakamega kwenda Nairobi si uhamiaji. Nchi moja, kitambulisho kimoja.

Shemeji wa Kakamega

Na Mwayalandi wa 1887 alivuka mpaka gani, mzee wangu? Tangu 1801 Ayalandi na Uskoti zilikuwa ndani ya dola moja, malkia mmoja, bunge moja kule London. Kwa karatasi naye alikuwa mwananchi. Mgeni alifanywa na wenyeji wake.

Mtoto wa Sinza

🔥🔥 Dalali kapigwa kanzu.

Mama wa Leith

Habarini ndugu zangu. Huwa nasoma tu, leo nimeshindwa kunyamaza. Naishi Leith, upande wa bandari wa Edinburgh, kutoka kwangu mpaka Easter Road, uwanja wa Hibs, ni kutembea kwa miguu, na mwanangu ananunuliwa jezi ya kijani kila msimu.

Kaka Kipanga, kichwa chako cha habari kinasema mdogo alimpita kaka. Kwa makombe, sawa. Lakini mnawaongelea Hibs kana kwamba walizikwa 1891. Mwaka 1902 walimfunga huyohuyo Celtic 1-0 kwenye fainali ya Kombe la Uskoti, na mwaka 1903 wakachukua ligi. Baada ya Vita vya Pili wakabeba ligi 1948, 1951 na 1952, hizo mbili za mwisho wakiwa na safu ya washambuliaji watano, Gordon Smith, Bobby Johnstone, Lawrie Reilly, Eddie Turnbull na Willie Ormond. Na lile Kombe la Ulaya mnalojivunia: mwaka 1955 lilipoanzishwa, timu ya kwanza kabisa ya Uingereza kuingia ilikuwa Hibs. Hawakuwa hata mabingwa wa nchi mwaka huo, walialikwa, wakafika nusu fainali na kutolewa na Reims ya Ufaransa. Basi mhamiaji wa kwanza alifungua njia Ulaya, wa pili akaenda kuchukua kikombe.

Pia hili la mlango mnalirahisisha sana. Hibs waliofungua mlango walilipa bei yake. Mwaka 1952, baada ya vurugu za mechi ya Mwaka Mpya ya Celtic na Rangers, chama cha mpira kiliwataka Celtic washushe bendera ya Ayalandi uwanjani mwao. Mwenyekiti wa Celtic, Robert Kelly, akagoma. Mnajua nani alikuwa anakaimu urais wa chama na kusukuma bendera ishushwe? Harry Swan, mwenyekiti wa Hibs! Timu ya Padri Hannan! Na mnajua nani waliopiga kura upande wa Celtic? Rangers. Zama za Swan hata alama ya kinubi cha Ayalandi iliondolewa Easter Road. Mlango ukiachwa wazi, anaingia pia mtu asiyependa picha zako za ukutani.

Kipanga wa Chumbageni

Dada, karibu sana, na usirudi tena kusoma kimyakimya. Hilo la Swan nililijua nikaliacha makusudi, maana linauma.

Ila ona: bendera haikushushwa. Celtic walifungua mlango wa wachezaji na makocha, lakini chumba cha ndani walikilinda. Hibs mwanzoni walilinda kila kitu, baadaye wakaachia karibu kila kitu. Rangers nao wasitudanganye, sidhani walipiga kura ile kwa upendo. Celtic ingefukuzwa kwenye ligi, mechi yao iliyokuwa inaingiza fedha nyingi kuliko zote ingekufa.

Dalali Mstaafu

Nilisema mimi. Pesa.

Mama wa Leith

😂 Haya. Ila kinubi kimerudi. Nembo ya Hibs ya sasa ina vitu vitatu: kinubi cha Ayalandi, meli ya Leith na ngome ya Edinburgh. Imekuwa hivyo tangu 2000. Na Kombe la Uskoti lililokuwa limegoma tangu ile 1902, mwaka 2016 wakalipata kwa kuifunga Rangers 3-2. Miaka 114. Siku ya gwaride la kombe Leith hapakuwa na pa kukanyaga, na sidhani waliokuwa barabarani wengi wao wana babu wa Ayalandi. Jirani yangu Mpolandi alilia.

Mtoto wa Sinza

Swali nje ya mada kidogo. Zile bendera za Palestina kwa mashabiki wa Celtic zinatokana na haya mambo ya uhamiaji?

Kipanga wa Chumbageni

Wenyewe wanasema hivyo, kwamba mjukuu wa aliyefukuzwa na njaa anamjua aliyefukuzwa kwake. Mwaka 2016 walipopeperusha bendera hizo kwenye mechi na Hapoel Be'er Sheva ya Israeli, UEFA ikawapiga faini. Mashabiki wakachangishana kiasi kilekile cha faini wakipeleke kwa misaada ya Wapalestina, mchango ukavuka pauni 100,000. Sehemu ikaenda kwenye kambi ya wakimbizi ya Aida, Bethlehem, na kule kuna timu ya vijana inaitwa Lajee Celtic. Siasa yake tuiache kwenye jukwaa lake, modereta anatuona.

Shemeji wa Kakamega

Mkuu, ulitaja Dundee mwanzoni ukaikimbia. Huko nako walikuwa na timu?

Kipanga wa Chumbageni

Walikuwa nazo mbili. Dundee Hibernian ilianzishwa 1909, ikabadilishwa jina 1923 ili ivute watu wote wa mji, na ndiyo Dundee United ya leo. Kabla yake ilikuwepo Dundee Harp, ya 1879, ambayo haikufikisha hata karne ya 20.

Harp wana kisa chao. Tarehe 12 Septemba 1885 waliifunga Aberdeen Rovers kwenye Kombe la Uskoti, na refa alihesabu mabao 37. Kiongozi wa Harp mwenyewe, kwa uaminifu wake, akasema hapana, sisi tuna 35. Refa akaandika 35. Siku hiyohiyo, mji wa jirani, Arbroath wakaifunga Bon Accord 36-0, na kwa miaka mingi rekodi ya dunia ilikuwa yao.

Dalali Mstaafu

Huyo kiongozi wa Harp angekuwa Celtic wangemfukuza jioni ileile.